Siku Tuliyopewa Mashindano

Mchana ule nilikuwa saluni kwangu Sombetini, hapa Arusha, nikimsuka mteja wangu wa siku nyingi, Mkenya aliyeolewa na Mmeru wa Usa River. Tulizoea kubishana kuhusu mpira. Yeye alisema Watanzania tuna kelele tu, mimi nikamwambia Wakenya wanajua riadha tu. Siku hiyo tulielewana, kwa kuwa nchi zetu, pamoja na Uganda, zilikuwa zimeomba kwa pamoja kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na jibu lilikuwa linatangazwa redioni.

"Wakitunyima nitalia," alisema.

"Kaa sawa, unanipotezea mstari."

Mtangazaji alipotaja nchi zetu, mteja wangu alichomoka kwenye kiti, upande mmoja una rasta, upande wa pili nywele zimesimama. Nilimfuata nje na kitana mkononi. Tukakumbatiana na kurukaruka barabarani, bodaboda wakitupigia honi. Mama mmoja muuza ndizi alitua beseni lake akauliza tumepata nini.

"Shikamoo mama. Tumepata mashindano. Afrika nzima inakuja Arusha."

"Marahaba. Basi mmalizie mwenzako kichwa kabla hawajafika."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tuliporudi ndani nilishika tena msuko, na ubishi ulikuwa umeanza upya: fainali ichezwe wapi?

"Nairobi," alisema.

Nilikaza msuko kidogo.

"Haya, dada, ichezwe hapa."