Likelemba ya Miguu

Kuna miji ambako mtu hukimbia peke yake, masikio ameyaziba kwa muziki, akitazama saa ya mkononi kana kwamba ndiyo inayomfukuza. Goma haikimbii hivyo. Jumapili asubuhi mji huu hutoka kwa makundi, vijana kwa wazee, wenye vitambi wakitangulizwa mbele ili wasiachwe, na wote hukimbia wakiimba na kupiga makofi, juu ya mawe meusi ambayo volkano iliyamwaga barabarani bila kuombwa. Wenyewe huita futing. Katika safu ya mwisho ya kundi mojawapo alikuwemo Mukashyaka, muuza jibini wa Birere, mke wa Léopold, mama yake Rosine, mwanamke ambaye Birere nzima ilikuwa imemcheka mwaka mzima.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Parokia yao huandaa mbio kila mwaka, kutoka Munigi kule juu hadi ufukweni Keshero. Mwaka jana Mukashyaka alishuka vizuri mpaka Birere. Hapo miguu ikawa mizito, jasho likamwingia machoni, akasimama pembeni kuvuta pumzi. Sasa Birere mtu akisimama pembeni na kuinua kidevu tu, pikipiki, au moto kama wanavyoiita, imeshafika. Ruffin, motard aliyembeba kila siku, alimwona, akadhani mama amechelewa mahali, akafunga breki. Na Mukashyaka akapanda. Hakupanga. Mwili ulipanda wenyewe, ndivyo alivyomweleza mumewe baadaye, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi.

Alishuka kabla ya kona ya mwisho, akaingia Keshero kwa miguu, akapigiwa makofi na kuvishwa kitenge cha mama aliyefika wa tatu. Hakukivaa sana. Jirani yake Héritière, msusi wa nywele, ambaye alikuwa amekimbia njia yote kwa haki, aliuliza mbele ya watu imekuwaje mama huyu amevuja jasho kidogo hivi, na nywele zake zote zimelala nyuma kama za mtu aliyepigwa na upepo wa pikipiki. Kitenge kikarudi kwenye meza ya zawadi. Tangu siku hiyo, kila alipopita kwenye msururu wa motards na beseni lake la jibini, kulikuwa na mmoja wa kumwita kwa heshima zote: Mama, Keshero? Njia tunaijua.

Mtu mwingine angeacha kukimbia. Mukashyaka aliapa kwamba mwaka huu atafika kwa miguu yake, kisha akagundua kwamba kuapa ni kazi nyepesi. Alinunua kamba ya kuruka. Baada ya wiki mbili ilikuwa inaanikiwa soksi za Léopold. Aliweka simu imwamshe alfajiri; mkono wake ukajifunza kuizima kabla akili haijaamka. Alijinyima sukari, akailipiza Jumamosi kwenye harusi. Kila Jumatatu alikuwa mwanamke mpya, na kila Alhamisi yule wa zamani alikuwa amerudi na mizigo yake.

Aliyemtoa shimoni ni Patricia, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Patricia alizaliwa karibu na ziwa Kivu, amefulia humo tangu utoto, lakini maji hayajawahi kumpita magoti. Alitaka kuogelea kabla hajawa bibi. Héritière naye alikuwa anawinda jambo lake, kufika kilele cha Mont Goma bila kupumzika. Wote watatu walikuwa wamejaribu peke yao na wote watatu walikuwa wameshindwa. Basi jioni moja, wakimenya viazi uani kwa Patricia, wakafikia kwenye jambo ambalo wanawake wa hapa wanalijua kuliko sala: likelemba. Katika likelemba kila mwanamke huleta fungu lake, na kwa zamu mmoja anakula yote. Wao hawangeleta franga. Wangeleta asubuhi zao. Mwenye zamu anapewa asubuhi za wenzake wote mpaka afike anakotaka, kisha zamu inahamia kwa mwingine.

Ikabaki kuamua nani anakula wa kwanza, na hapo viazi vikasahauliwa. Kila mtu anajua kwamba wa kwanza ndiye wa kuogopwa: akishakula, hana tena cha kungojea, na likelemba nyingi zimekufa kwa sababu wa kwanza alihama mtaa. Wa kwanza huwa ni yule anayeaminika kuliko wote. Mukashyaka akasema anataka awe yeye. Héritière alicheka mpaka kisu kikamwanguka.

"Wewe? Wewe wa kupanda moto ya Ruffin?"

"Ndiyo sababu," Mukashyaka akajibu. "Mukiniweka wa mwisho, nitachoka njiani na hakuna mutu nitamukosea. Mukinilisha wa kwanza, sitalala."

Patricia alimaliza kumenya kiazi chake. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Zamu yake ingefuata, na humo majini mtu wa kumshika mkono angekuwa Mukashyaka. Basi Mukashyaka akipanda tena pikipiki, yote yamekwisha. "Kwa maji siwezi kuingia na mutu wa kushukia katikati ya njia," alisema, na hakuwa anatania.

Wakaanza. Asubuhi kukiwa bado na giza la rangi ya majivu, jiwe la wenzake liligonga mabati ya uzio, gon, gon, na Mukashyaka alitoka akinung'unika. Mwanzoni alikimbia kama mtu aliyebeba friji. Héritière alitangulia akimtukana kwa upendo. Patricia, ambaye hakuwa mkimbiaji hata kidogo, alifuata nyuma na mwavuli. Polepole mwili ukakumbuka. Mukashyaka alikulia Masisi, mtoto wa mchungaji, na alipokuwa msichana alipanda vilima vile pekupeku nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Siku moja kwenye mwinuko wa Munigi alijikuta anaimba kwa pua wimbo wa kuswagia mifugo, ule mrefu usio na haraka, na pumzi ikakaa mahali pake. Alifika juu anacheka peke yake. Volkano ilikuwa mbele yake na wingu kichwani kama mama aliyejitwika beseni, na Mukashyaka akahisi kwamba angeweza kuendelea mpaka huko.

Lakini kulikuja asubuhi ya mvua, ile ya Goma isiyouliza hodi. Jiwe lilipogonga, alijifunika blanketi na kumtuma Léopold aseme mama ana homa. Léopold alirudi akasema amesema. Baada ya muda Mukashyaka akachungulia dirishani. Patricia alikuwa ameketi kizingitini chini ya mwavuli, anashona vifungo vya shati la mteja.

"Mama Rosine," alisema bila kugeuka, "asubuhi yangu nimekupa. Kama hauitumie, unirudishie."

Kitenge Mukashyaka alikwishakirudisha mwaka jana. Asubuhi ingerudishwa vipi? Alikuwa bado anafikiri wakati Léopold alipovipitisha viatu vya mkewe dirishani kwenda nje, kimoja kimoja, na kumwambia kwamba homa yake imekwisha. Walikimbia kwenye mvua ile mpaka matope yakawafika viunoni. Tangu hapo simu haikuwa na kazi ya kumwamsha mtu.

Siku ya mbio Munigi ilikuwa na baridi na harufu ya kabichi. Tarumbeta za parokia zilipulizwa vibaya na kwa nguvu sana. Héritière aliondoka na vijana wenye mapaja makavu. Patricia alikuwa ameshatangulia Keshero, kungojea mwisho wa mbio, akiwa na kanga mbili begani, yake na ya Mukashyaka, za kuingilia majini. Kwa hiyo Mukashyaka alikuwa peke yake, katikati ya umati wa mamia, na moyo ukimpiga kama ngoma ya Pasaka.

Alishuka akiimba. Alipita uwanja wa ndege ulio kimya, ambako majani yamepata nafasi ya kuota, akawapita akina baba wawili waliokuwa wamemcheka mwaka jana, akawasalimu kwa majina. Halafu, pale Birere inapoanza, mawe yakadai chao. Soli ya kiatu cha kulia ilifunguka kama mdomo wa samaki. Hatua chache zaidi, kikaanza kumpiga kisigino. Akasimama pembeni, akainama, na alipoinua kichwa, kidevu kikiwa juu, Ruffin alikuwa mbele yake na injini inanguruma.

Msururu mzima wa motards ukageuza vichwa. Muuza mikate akasimama na mkate hewani.

"Mama," Ruffin akasema polepole, karibu kwa huruma, "panda tu. Hakuna mutu ataona."

Birere nzima ilikuwa inaona. Mukashyaka alivua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavifunga pamoja kwa kamba zake na kuvitundika kwenye usukani wa pikipiki.

"Peleka hivi Keshero. Mwenyewe nakuja."

Kelele zilizopanda hapo zilifukuza njiwa kwenye mabati. Ruffin akaondoka na viatu vinaning'inia, akipiga honi kama aliyebeba bibi harusi, na Mukashyaka akaondoka nyuma yake pekupeku, mwepesi, akihisi lami chini ya nyayo kama alivyohisi nyasi za Masisi. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Katika mji huu mtu hutuma chochote kwa motard: unga, kuku, daftari la mtoto aliyelisahau.

Alikuwa amefika kwenye mzunguko wenye sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, ndipo akaona alichofanya. Ruffin yule yule. Pikipiki ile ile. Na viatu vyake, ambavyo Patricia anavijua kwa sababu ndiye aliyevishonea kamba. Vitafika Keshero kabla yake, juu ya pikipiki. Na Patricia atakuwa pale na kanga mbili.

Wimbo wa ng'ombe ukakatika. Hakukuwa na nafasi ya wimbo. Alikimbia Himbi kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Alipita wanaume, alipita msichana wa shule aliyekuwa na namba mgongoni, akakwepa chukudu iliyojaa makaa ambayo mwenyewe aliishikilia kwa nguvu zote huku akimshangilia. Kijiwe kilimchana kisigino, akakisikia, akakiacha nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa anajilazimisha. Miguu ilikuwa imemtangulia na yeye alikuwa anaifuata.

Mwisho wa barabara ziwa likajitokeza, pana na la buluu, na mbele yake watu wamezunguka pikipiki. Ruffin alikuwa katikati, anaapa kwamba amebeba viatu tu, kwa mama yake, kwa petroli, kwa kila kitu kitakatifu, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Viatu vilikuwa vimeinuliwa juu na mtu, kama ushahidi. Patricia hakuwa anacheka. Alikuwa amegeuka, kanga zimekunjwa chini ya kwapa, amepiga hatua za kwanza kurudi nyumbani.

Mukashyaka hakuwa na pumzi ya kumwita. Alipita kwenye utepe, akapita pikipiki, akampita Héritière aliyekuwa ameanza kupiga vigelegele, na hakusimama mpaka alipofika mbele ya Patricia na kumzibia njia. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, kama farasi anayekaguliwa kwato. Nyayo zilikuwa nyeusi kwa vumbi la lava, na kwenye kisigino kulikuwa na mchirizi mwembamba wa damu.

Patricia aliziangalia nyayo kwa muda mrefu. Akamtazama usoni, na nywele zake zilizolowa zote zimemgandia shingoni. Kisha akafungua kanga mojawapo na kumtupia begani.

"Umekula," akasema. "Sasa ni mimi."

"Kesho?"

"Kesho nini? Maji si haya?"

Hapo ndipo Mukashyaka alipotazama ziwa vizuri. Katika haraka yote ya kutaka kufika, hakuwa amewahi kulifikiria hili upande wake: kwao Masisi maji ni ya ng'ombe, na yeye hajui kuogelea zaidi ya jiwe. Nyuma yao watu walikuwa wanakuja na tarumbeta, na Ruffin alikuwa anaomba kurudisha viatu kwa mwenyewe. Patricia alikuwa ameshaingia hadi magotini, pale ambapo maisha yake yote yalikuwa yakiishia, na amenyoosha mkono.

Mukashyaka akafunga kanga vizuri kifuani. Maji yalipogusa kile kisigino yaliwasha kama pilipili, akauma meno, akaushika ule mkono, na wakapiga hatua nyingine mbele.