Chombo cha Lul Hurudi Kila Asubuhi

Saa moja asubuhi lori la maziwa linasimama sokoni Garissa, na Jawahir Olow hagombanii vyombo vilivyojaa kama wachuuzi wenzake. Anatafuta kimoja kitupu, chenye kitambaa chekundu shingoni.

Ni cha mdogo wake, Lul, mfugaji aliyekuwa akimletea maziwa kutoka malishoni. Tangu mafuriko ya mwaka jana, 1997, na homa iliyofagia mifugo baadaye, Lul hajaonekana. Mara ya mwisho alisikika akielekea Diff, mpakani mwa Somalia.

Kila adhuhuri Jawahir, 43, mkazi wa Galbet, hukifukiza chombo hicho kwa kaa la moto, kama wafanyavyo wafugaji ili maziwa yasiharibike, kisha hutaja jambo moja jema ambalo huenda Lul amelipata siku hiyo. Amejikataza kurudia la jana. Halafu dereva wa lori hukipeleka pamoja na vingine kisimani, wafugaji wanakovijaza maziwa.

"Mwanzo nilisema na mdomo tu, moyo ilikataa," anasema. "Siku ya kwanza nilisema amepata kivuli. Sasa ni siku mia mbili na kumi. Nikiamka, jema inakuja yenyewe."

Wenzake walimwonea huruma, kisha wakaanza kumkwepa. Weris, anayeuza maziwa kando yake, hamfichi kitu.

"Abaayo, dada yangu, usiite maiti kila siku," humwambia. "Iko siku itaitika."

Wiki iliyopita chombo kilirudi kitupu kama kawaida. Jawahir alipokifungua, alirudi nyuma. Kilikuwa vuguvugu, na ndani mlinukia ubani. Yeye hatumii ubani. Lul ndiye aliyezoea kutupia kipande kwenye kaa.

"Wallahi, sijagusa," anaapa dereva, Abdille. "Kisimani nilikuta imewekwa peke yake, mbali na zingine. Hapo chini hakuna nyayo, hata ya mbuzi." Siku hizi hukifunga nyuma kabisa ya lori.

Jawahir anakiri kwamba aliogopa. "Nilitaka kuichoma. Lakini adhuhuri ilifika, mkono ikachukua kaa yenyewe, mdomo ikasema: Lul amepata moto."

Jana alitia sukari ndani, robo kilo, akafunga kitambaa kwa mafundo matatu. Ikiwa imekwisha, anasema, atajua kuna mtu anakunywa chai.

Na ikirudi?

Jawahir anatabasamu, macho yakiwa barabarani lori linakotokea. "Nitajua ni majani ya chai hana. Nitaweka."