Nilizika Gari la Mwanangu Likiwa Hai

Jamani, nilimwibia mtoto wangu gari la kuchezea. Nalitaja mwanzoni kabisa ili msije mkadhani nitazungukazunguka. Mimi ni mwanaume mzima, nina ndevu, nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Moshi mjini na watu wakiniita fundi kwa heshima. Na niliyemwibia ni binti yangu, Upendo, akiwa darasa la tatu.

Ilikuwa miaka ile maduka yameanza kujaa vitu vya kila namna kutoka nje. Dada yangu, aliyekuwa akiishi Ujerumani, alimtumia Upendo zawadi: gari la rimoti, lile lenye matairi makubwa kuliko mwili, wanaloliita monsta. Lilikuwa jekundu na lilikimbia kama limeiba. Upendo alilikimbiza uani mpaka kuku wa jirani wakahamia mtaa wa pili.

Siku moja likagoma. Akaniletea kibandani amelikumbatia kama mgonjwa.

"Baba, haliendi."

Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Nikaulehemu, kazi ya kufumba na kufumbua. Ningemrudishia jioni ileile, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Lakini nikasema ngoja nilijaribu kidogo. Nyuma ya kibanda kulikuwa na rundo la mawe ya ujenzi. Nikalipandisha. Gurudumu moja likaning'inia hewani likizunguka bure, yale mengine yakasimama yanalitazama, halafu gari zima likaanguka chali. Nikarudia, likaanguka tena.

Rafiki yangu Hamisi, fundi baiskeli wa kibanda cha pili, akacheka. "Fundi, hilo limezaliwa kwa tambarare. Kilima halipandi."

Mimi nimezaliwa Mwika, kwetu hata njia ya kwenda chooni ni mlima. Kuambiwa hivyo niliumia kama nimetukaniwa ukoo. Nikaapa kwamba gari lile litapanda mawe.

Jioni Upendo akauliza, "Baba, limepona?"

"Bado, mwanangu. Nasubiri kipuri."

Uongo ule wa kwanza ulikuwa mdogo, ukapita kooni bila maji.

Basi nikaanza. Kwanza nililipunguzia mbio, maana kwenye mawe nguvu ndiyo inayotakiwa, siyo kasi. Nikaweka gia ya plastiki kutoka redio kaseti mbovu, ikang'oka meno yote siku hiyohiyo. Nikatafuta ya shaba kwenye saa ya ukutani iliyokufa, hiyo ikakaa. Kisha nikajaza gundi ya chuma kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli, ili magurudumu ya kulia na kushoto yazunguke pamoja, moja lisibaki kuning'inia hewani kama mvivu. Ndani ya rimu za mbele nikapachika vipande vya risasi, vile wanavyotumia kusawazishia matairi, ili pua isiinuke. Matairi nikayajaza sponji laini ya godoro, yakawa yanalikumbatia jiwe. Spoki za baiskeli za Hamisi zikawa mikono ya kushikia ekseli. Mitambo yake nikaivisha puto isilowe.

Tumbo la chini lilihitaji bamba la kuteleza juu ya mawe bila kukwama. Nikakata mfuniko wa sufuria kubwa ya mke wangu. Alipoutafuta nilimsaidia kuutafuta. Niliinama mpaka chini ya kitanda.

Redio za wateja zikajaa vumbi. Mzee mmoja alikuja kuulizia redio yake akanikuta nimelala kifudifudi nyuma ya kibanda, nalisemesha gari: "Taratibu, taratibu, shika hapo." Akaondoka bila kuulizia tena.

Upendo naye hakuacha kuuliza. Kila nikirudi, swali ni lilelile. Kufikia hapo nilikuwa nimelikata kiasi kwamba haliwezi kurudi lilivyokuwa. Nikaona nimalize jambo.

"Limekufa, mwanangu. Injini imeungua." Nikampa lile kasha jekundu la juu, ambalo mimi sikulihitaji kwa sababu lilikuwa zito.

Hakulia. Alilishika akaliangalia, kisha akasema, "Basi tulizike kwa bibi."

Wiki ile tulipanda Mwika kwa mama yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika jembe nikachimba shimo migombani. Upendo akafunga msalaba wa vijiti, akaniambia nisali. Nikavua kofia nikasali. Mungu anisamehe, midomo inasema amina na kichwa kinawaza kama betri mbili zitatosha kupanda jiwe lenye utelezi.

Hamisi nilipomsimulia hakucheka. Alisema, "Kaka, mrudishie mtoto hata kama limeharibika. Mwambie ulikosea." Nikamjibu kwamba watoto husahau.

Ikafika Krismasi. Mnatujua Wachagga, Desemba kila mtu anapanda kwao. Dada naye alikuja kutoka Ujerumani. Nyumbani mbuzi wawili wamechinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva, wanawake wako jikoni. Mimi nilikuwa nimelificha gari ndani ya gunia la majani ya ng'ombe. Nikawaita kaka zangu na binamu tukateremka mtoni, penye mawe makubwa, niwaonyeshe maajabu.

Na lilikuwa la maajabu kweli, siwezi kusema uongo tena. Lilipanda jiwe refu kuliko kiuno cha mtu. Likateleza, likaanguka kutoka juu, likabingirika majini, likasimama kwa matairi yake likaanza upya. Wanaume wenye familia zao walikuwa wanapiga makofi. Kaka yangu mkubwa alisema, "Mdogo wangu, wewe ulitakiwa uwe Japani." Nikavimba kichwa.

Juu huko, bila mimi kujua, dada alikuwa anamuuliza Upendo habari za gari lake. Upendo akamjibu kwamba lilikufa, na baba alilizika vizuri, akasali. Kisha bibi yake akamtuma atuite tukale.

Nilimwona wakati gari liko kileleni mwa jiwe. Amesimama kwenye njia na gauni lake la Krismasi, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa anayatazama yale matairi.

"Baba," akasema, "kumbe lilifufuka."

Binamu zangu wakaangua kicheko wakidhani ni utani. Halafu wakaniangalia usoni, kicheko kikafa kimoja kimoja.

Nikamkimbilia na rimoti. "Chukua, mwanangu, ni lako. Nilikuwa nalitengeneza liwe imara zaidi." Hata mimi niliposikia sentensi ile niliona aibu.

Akaipokea. Akabonyeza. Gari likasogea polepole, linagugumia. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, likaenda vilevile.

"Hili siyo langu," akasema. "Langu lilikuwa linakimbia."

Akaiweka rimoti juu ya jiwe kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Bibi anasema nyama imeiva," akatuambia, akageuka akapanda.

Nyama ile niliila kama matambara. Dada hakunisemesha mpaka anaondoka. Mke wangu aligeuza gari akaona bamba la chini, akasema, "Na mfuniko wangu nao umefufuka." Mama yangu aliuliza swali moja tu: "Na sala ulisali?"

Nilijaribu kulirudisha. Mwezi mzima nilikwangua difu, lakini gundi ya chuma ikishakauka haitoki. Upendo hakulitaka hata hivyo. Aliniitikia shikamoo zangu zote za mzaha, alinipikia chai, hakuninunia. Nikajua yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mwaka uliofuata mama yangu alilazwa, hali mbaya. Siku alipofumbua macho na kuomba uji, nilitoka hospitali mbio mpaka nyumbani nimpe Upendo habari njema.

"Bibi amepona, mwanangu. Nimemwacha anakunywa uji."

Akaniangalia. Kisha akageukia jikoni. "Mama, ni kweli?"

Ilikuwa kweli, wasomaji wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jasho la furaha, na neno langu halikutosha. Ilibidi mama yake, ambaye hata hospitali hakuwa amefika siku ile, aseme, "Baba yako akisema leo, ni kweli." Ndipo mtoto alipolia kwa furaha, begani kwa mama yake.

Wewe baba unayesoma haya na kuniona mjinga, una haki. Ila kama kuna kitu umemdanganya mwanao na unangoja asahau, kamwambie leo kabla chakula hakijatengwa. Utaona aibu, atanuna, mtamaliza. Usingoje siku uwe na jambo la kweli la kumwambia, halafu ukahitaji shahidi.