Koti la Baba Yake Wafula

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwaka wangu wa kwanza kusomea uchekeshaji, mwanangu. Nakuita mwanangu na nimekuzidi miaka michache tu, lakini kwa kazi hii yetu hiyo ni mingi. Utanivumilia.

Wiki yetu ilikuwa hivi. Jumatatu na Jumatano tulikuwa na darasa Hurlingham, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mapazia. Jumatatu unaleta ulichoandika, Jumatano unakisema mbele ya wenzako, na Mwalimu Njeri anakaa nyuma akijikuna kichwa kwa kalamu. Alikuwa na sharti moja: usilete mzaha wa mtandaoni, leta wa nyumbani kwenu. Ijumaa jioni tulipanda jukwaani mjini, katika mkahawa uliotuazima kona yake. Siku zingine tulizurura. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa shida, lakini nilikuwa na hakika siku moja uso wangu utabandikwa kwenye mabango ya Ngong Road. Bado nina hakika, usicheke.

Rafiki yangu darasani alikuwa Wafula, kijana wa Mutuini. Jumatano hiyo tulitembea hadi Woodley, tukakaa kwenye kibanda cha chai, akaniambia jambo. Baba yake hutoka nyumbani kila asubuhi na koti, tai, viatu vinavyong'aa na mkoba wa laptopu. Watoto wote walikua wakijua anafanya kazi ofisini. Halafu siku moja Wafula, akija darasani, akamwona juu ya jengo linalojengwa, amebeba karai la zege. Ndani ya ule mkoba mlikuwa na ovaroli.

"Ulimwambia umemwona?" nikauliza.

"Zii, sikumwambia. Nilirudi nikapitia njia ingine. Jioni akaniuliza darasa lilikuwaje, na mimi nikamuuliza ofisi ilikuwaje."

Tulicheka mpaka mama wa chai akacheka bila kujua sababu. Kisha Wafula akasema polepole, "Lakini hiyo ni yetu, buda." Nikasema sawa.

Shida ni kwamba wiki hiyo sikuwa na kitu. Jumatatu nilikuwa nimesoma ukurasa mzima na aliyecheka ni mimi peke yangu. Kufika Ijumaa nikajiambia nitaisema ile ya Wafula, bora nisitaje jina.

Nikaanza na mkoba. Watu wakacheka. Nikaigiza mzee anayekaza tai mbele ya kioo, wakacheka zaidi. Hapo ndipo nilipomwona Wafula kwenye meza ya pili. Hakuwa anacheka. Kando yake alikaa mzee mwenye koti, mkoba magotini. Alikuwa amemleta baba yake aone tunachosomea, na hakuniambia kwa sababu alitaka kunishangaza.

Sikiliza hapa vizuri. Nilikuwa na nafasi. Sikuwa nimefika kwenye karai. Ningesema huyo mzee ni wakili, ningesema chochote. Lakini kicheko kile kilikuwa kitamu, na nilikuwa nimekingoja tangu Jumatatu. Nikabeba karai. Mkahawa mzima ukaangua kicheko.

Nilipotoka, mzee alikuwa ananisubiri mlangoni. Wafula alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Nilidhani nitatukanwa, lakini mzee alinipa mkono.

"Kijana, unajua kuchekesha. Hata mimi karibu nicheke. Sasa niambie, kesho nikiamka nivae nini?"

Akangoja, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Huyu wangu amejua kwa muda gani?"

"Sijui, mzee."

"Na kila jioni ananiuliza ofisi ikoje." Akamtazama mwanawe kule ng'ambo. "Hiyo ndiyo umetunyang'anya."

Niliomba msamaha kwa wote wawili, nikasamehewa. Nasikia siku hizi mzee hutoka na ovaroli, mapema, kabla wadogo zake Wafula hawajaamka. Mimi na Wafula bado tunasalimiana, niaje, poa, na tukikutana mjini tunakunywa soda. Lakini mambo ya kwao hajawahi kunisimulia tena.

Basi mwanangu, Mwalimu akisema lete ya nyumbani, ni nyumbani kwenu wewe. Ya mwenzako muombe, hata kama hutataja jina, na akikataa iache. Ukiwa umeshaanza, kisha ukaona uso mmoja unaoujua haucheki, katiza hapo hapo. Utashuka jukwaani umefeli na utalala vibaya, lakini Jumatatu kuna darasa lingine. Mimi nilishuka nikipigiwa makofi, na sijui nilichofaidi.

Nenda, mdogo wangu. Mungu akujazie ukumbi, akulindie marafiki unaotoka nao, na wazazi wako wakija kukutazama waketi mbele kabisa bila wasiwasi.