Uji wa Asubuhi ya Sindano

Mokua hakuhitaji kukata ndizi ili ajue imekomaa. Akiingia shambani kwa mtu kule Birongo, alipapasa mkungu kwa kiganja, akaangalia kama kingo zimejaa, kisha akasema, "Huu siku nne." Siku ya nne, sokoni Daraja Mbili, mkungu ulikuwa manjano mpaka wateja wanagombania. Miaka ishirini na sita nimeishi na huyu mwanamume na sijamwona akikosea ndizi. Mengine alikosea sana, na nilimwambia kila mara, maana mimi si mtu wa kumeza maneno.

Mimi ni mke wake, Bonareri. Hapa Kiogoro wananiita Mama Sheila, kwa jina la kifungua mimba wetu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, macho ya Mokua yalianza kuwa manjano. Alicheka, akasema labda na yeye ameiva. Mimi sikucheka. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na usiku alijikuna mpaka shuka likawa na damu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, twende hospitali. Alinizungusha wiki tatu ndipo akakubali.

Huko mjini walimpiga picha ya tumbo. Daktari Nyabuto, kijana mtulivu asiye na haraka na watu, akatuonyesha uvimbe karibu na mwisho wa mrija wa nyongo. Ule mrija ulikuwa umebanwa, ndiyo maana nyongo ilikuwa inarudi mwilini na kumgeuza rangi. Akasema inabidi achukue kipande kidogo cha ule uvimbe kwa sindano.

Mokua akamuuliza, kama umeshauona, unamchomea nini mtu? Aliuliza kwa kiburi kabisa, kiburi cha mtu wa ndizi.

Daktari akasema, "Picha inanionyesha kuna kitu, na inanionyesha kiko wapi. Haisemi ni kitu gani. Nikikisia, mzee, nitakutibu ugonjwa usio wako."

Kisha akatueleza pole pole kama anafundisha darasa. Sindano ni nyembamba. Ngozi itatiwa ganzi, na mashine itakuwa ikimwonyesha yeye daktari sindano inapopita, asije akagusa mshipa. Mokua ataambiwa abane pumzi kidogo, na wakimaliza atalala saa kadhaa wakimchunga asivuje damu. Akauliza dawa zote anazotumia, hata za kununua dukani. Mokua akataja vidonge vya magoti, na kumbe vingine vilikuwa vya kufanya damu iwe nyepesi, akaambiwa aviache kwanza. Mwisho akasema asile wala asinywe kitu kuanzia usiku wa manane, kwa sababu atapewa dawa ya usingizi mwepesi, na tumbo likiwa na kitu anaweza kutapika, kikaingia mapafuni.

Niliambiwa. Nasema mapema ili mtu asije akanitetea. Niliambiwa kwa Kiswahili, halafu nikaambiwa tena kwa Ekegusii, na nikaitikia kwa kichwa kuonyesha nimeelewa.

Lakini wiki ya kwanza nilipoolewa, mama mkwe alinifundisha kwamba mtu hatoki nyumba hii kwenda safari akiwa na njaa. Anayetoka na njaa ni kama amefukuzwa. Na Mokua alikuwa amekonda, suruali imeshikwa na kamba. Asubuhi ile ya sindano nilimwangalia akifunga viatu, nikaona mifupa ya mgongo kupitia shati, roho ikaniuma. Nikakoroga erongori, uji wetu wa wimbi, mwepesi, wenye maziwa.

Akasema, "Daktari alikataza."

Nikamjibu, "Daktari hajui njaa ya nyumba hii. Kunywa."

Akanywa kikombe kizima, akaomba nyongeza. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, maana alikuwa hajaomba nyongeza tangu Krismasi.

Hospitalini, muuguzi akauliza kama mgonjwa amekula. Mokua akanitazama. Nikasema ukweli, amekunywa uji. Yule mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba leo haiwezekani, turudi baada ya siku tisa.

Siku tisa si kitu, na tungerudi. Lakini jioni akaja Joash, kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, mtu wa kusema kila neno kama analitoa mimbarani. Akasema Mungu ameufunga huo mlango. Akasema chuma kikigusa uvimbe unatawanyika mwili mzima, yeye ameona watu. Nikamuuliza ameona wangapi na kwa macho gani. Akaniambia mwanamke aliyeharibu mambo kwa kikombe cha uji anyamaze. Nikanyamaza. Mimi, Bonareri, nikanyamaza.

Zile siku tisa zikawa wiki saba. Mokua alikunywa mizizi ya kuchemsha na kuombewa. Nikigusia hospitali aligeukia ukutani.

Wiki ya nane alianguka sokoni, kati ya mikungu yake, akitetemeka kwa homa. Nyongo iliyokwama ilikuwa imeoza ndani. Siku hiyo hakuna aliyeuliza habari ya mlango wa Mungu. Hospitalini walimpitishia mrija mwembamba ubavuni hadi kwenye ini, wakiongozwa na picha, nyongo ikaanza kutoka na kuingia kwenye mfuko wa plastiki. Homa ikashuka. Mwasho ukapungua, macho yakaanza kurudi. Nikadhani tumepona. Sheila alifundishwa kuusafisha mrija kwa maji ya chumvi ya hospitali, na sisi tukaonywa kwamba mfuko ukae chini ya ubavu siku zote, mrija usivutwe, na homa au damu ikitokea tukimbie. Mokua aliuficha mfuko chini ya koti akarudi Daraja Mbili siku mbili. Siku ya tatu hakuweza kuinua hata ndizi moja.

Walikuwa wamechukua na kile kipande. Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha mboga zetu za chinsaga. Mokua alisema alihisi kusukumwa tu. Wiki saba tulikimbia kusukumwa.

Majibu yalisema ni saratani. Imeizunguka mishipa mikubwa, na kwenye ini kuna madoa ambayo kwenye picha ya kwanza hayakuwepo. Hakuna cha kukata. Dawa za kutuliza maumivu, na mrija wa kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, kama hiyo miezi itakuwepo.

Nilimfuata Daktari Nyabuto nje kwenye korido. Nikamuuliza, kama nisingempa ule uji?

Akasema, "Mama Sheila, sijui. Labda tungewahi. Labda ingekuwa hivi hivi. Siwezi kukudanganya."

Nilimchukia. Angesema ndiyo ningelia nikamaliza. Angesema hapana ningelala. Huyo kijana aliniachia katikati, na hapo katikati ndipo ninapoishi.

Joash huja kila Sabato baada ya ibada, anaomba huku macho yake yakikwepa mfuko. Sijamfukuza. Nitamfukuza kwa mdomo gani?

Leo asubuhi Mokua, ambaye siku nne hajala, alitaka erongori. Nikakoroga ule ule, mwepesi, wenye maziwa. Nikamshikia kikombe. Akameza mara mbili, akashindwa. Basi yakanitoka yote. Nikamwambia anisamehe, nilimpa uji siku isiyofaa, ningemnyima siku ile pengine angekuwa anakula leo.

Akakisogeza kikombe kando.

"Nilijua watanirudisha," akasema. "Niliogopa ile sindano, Bonareri. Ndiyo maana niliomba nyongeza."

Nilitaka kumpiga. Mwaka mzima amenitazama nikiubeba huo mzigo mbele ya kaka yake, mbele ya watoto, asiseme neno. Halafu nikafikiri, huyu mtu hajawahi kunisifia hata mboga, na sasa labda anatunga neno la kunipunguzia huo mzigo. Sijui ni lipi la kweli. Na sitamuuliza, kwa sababu hana pumzi ya kujibu, na mimi sina nguvu ya kusikia.

Nikakiweka kikombe chini. Mfuko ulikuwa umejaa, nikapiga magoti kuumwaga.