Jani la Isale Alilobeba Guled

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na ilikuwa siku ya manyunyu hapa hapa Kirua Vunjo. Baba yangu alikuwa mzee wa mfongo, huu mfereji unaoshusha maji hadi kwenye migomba yetu, na kila ugomvi wa zamu ya maji ulimalizwa uani kwetu. Safari hiyo wenye kosa tulikuwa sisi. Tulikuwa tumechukua zamu ya jirani yetu, Mzee Kileo, na kihamba chake, shamba lake la migomba, kikalala kikavu.

Unajua desturi. Ukimkosea mtu, unachuma jani la isale kwenye ua wako, unampelekea. Akilipokea, amesamehe. Baba alinituma mimi, mwanawe wa kwanza, nami nikapanda kilima kifua mbele. Nilipofika, kabla Mzee Kileo hajanyoosha mkono, nikaanza kumweleza kwamba hata yeye aliwahi kutuibia maji. Alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikarudi na jani langu.

Sasa, palikuwa na kijana wa Kisomali, Guled. Baba yake alikuwa na bucha mjini Moshi na alinunua ng'ombe huku kwetu. Mimi na Guled tulisoma pamoja, na likizo zake zote alizimalizia nyumbani kwetu. Kesho yake baba akamkabidhi Guled jani lingine. Niliumia, mwanangu, niliumia sana.

"Baba," nikasema, "isale la ukoo wetu linabebwa na mtu wa mbali?"

"Jana ulilibeba wewe," baba akasema. "Lilifika wapi?"

Nilimfuata Guled nyuma nyuma nione atakavyoaibika. Alisimama langoni kwa Kileo, akatoa shikamoo, akanyamaza. Manyunyu yakamlowesha, naye kimya tu. Mwishowe mzee akatoka, akalipokea jani, akamwingiza ndani kumpa maziwa. Chanda chema huvikwa pete, wanasema. Mimi naona wangeviuliza na vile vidole vingine.

Baadaye familia yao ilirudi Somalia. Nchi ile ikaingia vitani, na habari za Guled zikawa zinatufikia vipande vipande. Mara anafundisha watoto chini ya turubai. Mara anakaa na wazee wa koo zilizouana na wanamsikiliza. Kisha akawa mbunge, kisha waziri. Watu wa hapa wakawa wanasema, "Huyo ni kijana wetu," na mimi nakohoa. Siku moja mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu: Guled amekaa katikati ya wazee wawili wenye hasira, mikono magotini, kimya, vile vile alivyokuwa akikaa baba yangu. Nilimrudishia mtoto simu yake. Uwaziri nisingemwonea wivu sana. Nilimwonea wivu kile kikao, maana kilikuwa changu cha kurithi.

Mimi nami niligombea, usidhani. Uenyekiti wa kijiji tu. Akanishinda Aminieli, mtoto wa Mzee Kileo yule yule. Tangu matokeo yasomwe sikumsalimia. Tukikutana njiani nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa kandambili. Na mfongo ukajaa matope, kwa sababu kuuzibua kunataka watu wa juu na wa chini waitane, nasi tulikuwa hatuitani tena. Migomba ikaanza kunyong'onyea.

Mwaka huu Guled alikuja Moshi kwa mkutano, akapanda hadi huku. Niliposikia gari nikajitia kukata majani ya ng'ombe. Akanifuata huko huko na viatu vyake vya kung'aa. "Shimbonyi," akanisalimu, kwa Kichagga safi kuliko cha wajukuu zangu. Hilo nalo likaniuma.

Akauliza kwa nini mfongo hauna maji. Nikamweleza, na nilieleza kweli kweli. Alisikiliza hadi nikaishiwa maneno.

"Kaka," akasema, "mimi nami nilishabwagwa kwenye uchaguzi. Nikaenda nyumbani kwa aliyenishinda, mkono mtupu, maana kule hatuna isale. Nikakaa tu, sikusema neno. Nilikuwa namkumbuka baba."

"Baba yangu," nikasema.

"Baba yako," akakubali. Akaenda kwenye ua, akachuma jani, akaniwekea kiganjani. "Hili sikubebei."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali haikusema kwamba dawa yenyewe ni chungu.

Nilipanda kilima kile kile, safari hii magoti yakilalamika. Aminieli akatoka. Ulimi wangu ulikuwa na mengi, ya kura na ya pombe ya mbege iliyonyweka wiki ya uchaguzi. Nikaubana kwa meno. Alilitazama jani, akanitazama mimi, na mkono wake ukachelewa sana. Kisha ukatoka.

"Karibu ndani, mzee," akasema. "Maziwa yapo."

Jumamosi yake tulizibua mfongo, watu wa juu na wa chini.

Basi mwanangu, usijidanganye kwamba wivu huisha ukiota mvi. Mtu akikuzidi, tazama anafanya nini ujifunze, hata kama alijifunzia nyumbani kwenu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo ukishindwa mwendee aliyekushinda mapema, kabla migomba haijakauka. Na ukibeba isale, funga mdomo. Jani limeshasema yote.

Guled alipopiga simu nilimsimulia. Akasema, "Baba angefurahi." Nakuambia kweli, hata hapo niliona wivu, kwamba yeye ndiye aliyewahi kulisema.

Mungu akupe maji kwa zamu yako, na jirani wa kuitana naye mfongo ukiziba. Na siku utakayosimama langoni kwa mtu, akuzuilie ulimi hadi mkono wa mwenzako utoke.