Meli ya Maji ya Babu

Babu yangu, baba yake mama, alipandishwa cheo akiwa ndani ya jeneza. Vita vikuu vya pili alivimaliza kwenye meli ya kubeba maji ya kunywa, isiyo na mzinga hata mmoja, ikizifuata manowari za Waingereza kama punda wa mchota maji. Siku tulipomzika hapa Kanja, kijitabu cha mazishi kilisema alikuwa mpiga mizinga.

Kiliandikwa na kamati ya mazishi, na huku kwetu hakuna maiti inayozikwa na kazi yake. Nimeona tarishi akizikwa meneja, na mlevi akizikwa mshauri wa vijana. Nilikuwepo walipokubaliana kwamba habari za maji haziwezi kusomwa mbele ya wageni kutoka Meru mjini. Mama alipinga. Wakamwambia apumzike, amefiwa.

Sasa kanisa linasimamisha jiwe la waliokwenda vitani, kila jina na kazi yake. Mama ana miaka sabini na saba na anataka jambo moja tu kabla hajafa: jina la baba yake pale, pamoja na kazi aliyoifanya kweli. Alipeleka karatasi ya kuachishwa jeshi, aliyoitunza ndani ya Biblia. Imeandikwa: baharia, meli ya maji.

Mwenyekiti wa kamati ya jiwe, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeandika kile kijitabu. Aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaeleza kwa upole kwamba watu wote walishasikia mpiga mizinga, na kanisa haliwezi kuonekana limesema uongo. Nilidhani anatania. Akaongeza kuwa mchota maji si mtu wa kuchongwa kwenye jiwe.

"Mwalimu," mama akamwambia, "hao wapiga mizinga wako walikuwa wanakunywa nini? Baruti?"

Mwenyekiti akasema ni mpiga mizinga au hakuna kitu. Mama akajibu basi hakuna kitu, akaomba karatasi yake.

Fundi amemaliza majina mengine yote. Chini kabisa ameacha nafasi ya mstari mmoja, na kila Jumapili mama hupitisha kidole hapo. Fundi ameniuliza mara mbili achonge nini. Karatasi bado iko kwa mwenyekiti. Anasema ameiweka mahali salama.